Tulinunua suti dazeni kwa bei ya jumla Juba: makoti yakapita Nimule, suruali zikapita Kaya

Puu!

Ndivyo nilivyousikia mzigo wetu kabla sijauona, wakuu. Nilikuwa ndani, nyuma ya ukuta wa mabati pale mtaa wa Malakia, nahangaika na sentensi ya kufungulia sura ya pili, mara kitu kizito kikaanguka uani kwa mlio wa mtu mnene aliyekalishwa chini na habari mbaya.

Kisha nikasikia sauti ya Loro, taratibu, kama anayeongea kanisani: "Zimekuja."

Habari zenu wote mnaopita kwenye uzi huu. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu na niliyavaa kwa mabega yangu. Majina ya watu nimebadilisha. Rangi ya suti sijabadilisha, ingawa ningetamani sana.

Uzi ni mrefu kidogo. Chukua chai.

Ilikuwa miaka ile baada ya amani kusainiwa, kabla ya watu kupiga kura ya kujitenga. Juba wakati huo ilikuwa mji wa mahema na makontena, vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye chumvi, na jenereta zinazokoroma mchana kutwa. Kila ulipogeuka kulikuwa na ofisi mpya. Kila ofisi mpya ilikuwa na wakurugenzi wapya. Na kila mkurugenzi mpya alihitaji suti.

Kwa hiyo suti ndiyo ilikuwa habari ya mjini.

Sasa wale ambao hamkuwahi kufika, jueni jambo moja. Juba ya wakati ule ukinunua suti ya mbunifu mkubwa, ile lebo iliyoshonwa kwenye mkono wa koti, karibu na kifundo, hutoi. Unaiacha pale pale. Mtu akikusalimia anakupa mkono huku macho yake yakiwa kwenye lebo. Ukiitoa watu watajuaje?

Mimi nilifikaje huko? Dar tulikuwa na kikundi chetu cha waandishi vijana. Tulikutana kila Jumamosi kusomeana kazi zetu, na siku moja nikagundua kwamba wote tunaandika riwaya moja, tumebadilishana wahusika tu. Nikasema nitakwenda kwenye mji ambao bado haujaandikwa. Nikaenda. Pesa zikaisha kabla ya sura ya pili, nikapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya mahema kando ya Nile. Ule mto asubuhi, wakuu, unapita kimya kama mtu anayejua siri ya kila nyumba na ameamua kuondoka nazo. Nikajiambia, hapa nitaandika.

Sikuandika. Nilinunua koti. Twende.

Loro ndiye aliyenipangisha nusu ya chumba chake. Mtoto wa wakimbizi, amekulia Koboko upande wa Uganda, amani ilipokuja akarudi nyumbani ambako hakuwahi kuishi. Alikuwa anauza vipuri vya bodaboda, na Jumapili aliimba sauti ya tatu kwaya ya kanisa. Mpole. Akicheka anaziba mdomo.

Na alimpenda Keji. Hakumpenda juujuu. Alimpenda hadi akinituma sukari dukani anasema "leta sukari, Keji pia anapenda sukari."

Keji alikaa mtaa wa Buluk kwa mjomba wake, Mzee Wani, maana wazazi walikuwa wamefariki. Alikuwa amepata nafasi kwenye chuo cha uuguzi Arua, kule Uganda, na nafasi ile haikuwa ya kusubiri milele. Lakini mjomba alikuwa amekataa asiende popote kabla hajaposwa. Mzee Wani naye alikuwa amepewa cheo kwenye ofisi moja ya serikali, pamoja na kiti kinachozunguka, na tangu akikalie kiti hicho alikuwa ameamua kwamba binadamu wote wanagawanyika mafungu mawili: wenye suti kamili na wengine.

Msidhani natia chumvi. Kabla ya Loro alikuja kijana mmoja kuposa, ana kazi nzuri, ana adabu. Mzee akamtazama akiwa bado mlangoni. Koti jeusi, suruali nyeusi. Akamwambia, "Hizi nyeusi mbili hazijuani." Kijana akageuzwa na soda yake haijafunguliwa.

Siku hiyo ndipo Mzee alipotamka ile kauli, mbele ya majirani, na Keji akamletea Loro neno kwa neno:

"Keji atatoka kwenye ule mlango wa chuma siku suti kamili itakapoingia. Na atakayesimama mbele yangu na suti kamili nitamsikiliza mpaka mwisho."

Basi. Loro alihitaji suti kamili, na alihitaji upesi. Maana kulikuwa na mwingine aliyekuwa anakuja kuposa. Anaitwa Santino, anashughulika na malori, ana gari lake mwenyewe lenye kiyoyozi. Nitakuja kwake.

Tukaenda kwa Mama Sanyu. Huyu alikuwa Mganda, mama wa makamo, duka lake la nguo lilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mlokole asiyeanza biashara bila kuomba. Akaomba, akafungua macho, akamsikiliza Loro, akataja bei ya suti moja. Loro akaziba mdomo lakini hakuwa anacheka.

Mama Sanyu akamshika bega. "Sikia mwanangu. Wewe nataka suti moja, mimi napatia wewe bei ya moja, wewe nalia. Wewe nataka dazeni, mimi napatia wewe bei ya jumla, wewe nacheka. Sasa chagua. Kulia ama kucheka."

Loro akasema ana mwili mmoja tu.

"Lakini wewe iko na kwaya," Mama Sanyu akamjibu.

Wakuu, hapo ndipo nilipoona mfanyabiashara ni nani. Kwaya ilikuwa na wanaume. Kwaya haikuwa na sare. Na desturi ya posa ni kwamba mwanamume haendi peke yake, anakwenda na watu wake. Watu wa Loro ni akina nani? Kwaya. Kwa mpigo mmoja yule mama alikuwa amemvika bwana harusi, msafara wake na sauti ya tatu na ya nne, zote kwa bei ya jumla.

Suti zenyewe zilikuwa za Kiitaliano. Jina la mbunifu lilikuwa refu, na kila mtu alilitamka kivyake, lakini kwa heshima. Mama Sanyu alituonyesha kipande cha kitambaa kama sampuli. Kwenye giza la duka kilionekana kijivu.

Ikabaki nafasi moja kufikisha dazeni. Loro akanitazama. Mimi ni mwandishi, sina matumizi na suti. Nikatoa pesa yangu. Nilijiambia ni utafiti.

Jambo la mwisho kabla hatujaondoka: Mama Sanyu alitueleza kwamba dazeni ya jumla huchagui saizi. Inakuja ilivyofungwa kiwandani, kuanzia ndogo mpaka kubwa. Iliyo ndogo kabisa na iliyo kubwa kabisa mtajua wenyewe ni za nani.

Tukasema sawa. Nani anauliza saizi anapopewa bei kama ile?

Haya, turudi kwenye ule mlio. Puu!

Tukatoka. Loro akakata kamba, akafungua gunia, na mwanga wa saa nne asubuhi ukaangukia suti zetu.

Hazikuwa za kijivu.

Zilikuwa kijani. Kijani cha parachichi, wakuu, lililokatwa na kuachwa mezani mpaka jioni. Bitana ilikuwa ya manjano. Kwenye kila mkono, lebo ya dhahabu inang'aa kama jino.

Loro akavaa koti lake, akanyoosha mkono, akaitazama lebo, na uso wake ukawa mzuri kiasi kwamba nikasahau rangi. Mapenzi yanaweza kukifanya kijani kile kiwe majani ya mvua ya kwanza. Niliona kwa macho yangu.

Nikaingiza mkono kwenye gunia kutafuta suruali.

Gunia lilikuwa tupu.

Mama Sanyu alipoitwa hata hakushtuka. Akatueleza kama unavyomweleza mtoto kwa nini kuku hana meno. Njia ina wezi, njia ina vizuizi, na kwenye kila kizuizi kuna mtu anayependa suti. Ukipitisha suti kamili, zinafika nusu. Kwa hiyo wafanyabiashara wenye akili wanazitenganisha Kampala. Makoti yanapita mpaka wa Nimule chini ya unga. Suruali zinapita Arua na mpaka wa Kaya chini ya vitunguu. Mwizi akikuta makoti matupu atafanya nayo nini? Anayaacha. Suti inakutana yenyewe Juba, kama ndugu waliotoroka vita kwa njia mbili.

Nilikubali kwamba ni akili. Bado nakubali.

"Suruali iko njiani," akasema. "Shemeji yangu hapa Juba anapokea mzigo ya upande ule. Nyinyi vaa koti kwanza, zoea."

Tukazoea. Siku zikaenda. Posa ilipangwa Jumamosi. Suruali hazikuja.

Tulimwambia ampigie shemeji. Sasa wale wa mitandao ya leo hamtaelewa. Juba ilikuwa na simu za mtandao mmoja wenye namba za Uganda na simu za mtandao mwingine wenye namba za Sudan, na hizo mbili kupigiana ilikuwa kama kuomba mvua. Mama Sanyu alikuwa na laini ya huku, shemeji alikuwa na laini ya kule. Watu wawili mji mmoja, wanauza suti moja, hawasikilizani. Alikuwa akitaka kuongea naye anatuma mtu wa bodaboda, na mtu wa bodaboda anarudi na jibu kwamba shemeji amesema kila kitu kimeuzwa vizuri, Mungu ni mwema.

Tulilichukulia kama jibu zuri. Hebu lisomeni tena.

Loro akaanza kutafuta kitambaa kinachofanana ili fundi amshonee suruali. Akazunguka soko zima la Konyokonyo. Fundi mmoja alikiangalia kile kijani, akatoa miwani, akaifuta, akairudisha, akasema ameshona miaka mingi na hajawahi kukutana nacho. Kitu pekee Juba nzima chenye rangi ya kukaribia kilikuwa pazia la bafu kwenye hema namba saba la hoteli yetu, na lilikuwa la plastiki. Loro alilitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Nikamtoa.

Jumamosi ikafika na jua lake lote.

Tukapanda kwenda Buluk kwa miguu, wanaume wa kwaya nzima, makoti ya kijani juu (mmoja aliyekosa saizi na shati tu), na chini kila mtu na alichonacho: kaki, jinzi, suruali nyeusi za kanisani, mmoja na ya kuchezea mpira. Loro alivaa jinzi yake iliyo safi zaidi. Mama Sanyu alikuja pia, kama mama wa upande wa mume wa kupiga vigelegele, na nadhani pia kulinda biashara. Mimi nilibeba koti dogo kuliko yote mkononi. Dazeni ilikuwa na moja ambalo halikumtosha mwanaume yeyote wa kwaya, mabega yake kama ya mtu anayeomba radhi, lakini kuliacha nyumbani Loro alikataa. Alisema dazeni ni dazeni.

Mpango wetu ulikuwa mmoja: tukae haraka. Mtu akikaa nyuma ya meza anaonekana koti tu.

Mlango wa chuma, wa bluu, ukafunguliwa. Uani kulikuwa na turubai, viti vya plastiki pande mbili zinazotazamana, na harufu ya mbuzi anayeiva. Meza hapakuwa na hata moja.

Na viti vya upande wa pili vilikuwa vya nani?

Hapa ndipo nilipojua Mzee Wani naye ni mtu wa bei ya jumla. Kukodi turubai mara mbili ni hasara. Kuchinja mbuzi wawili ni hasara. Alikuwa amewaita waposaji wote wawili siku moja, saa moja, mbuzi mmoja.

Gari likaunguruma nje. Milango ikabamizwa. Santino akaingia na watu wake.

Mashati meupe, yamepigwa pasi mpaka yanakata. Viatu vinang'aa. Na kati ya mashati na viatu, mstari mzima, mguu kwa mguu, suruali za kijani cha parachichi.



Santino aliangalia makoti yetu. Sisi tuliangalia suruali zake. Nimewahi kusoma kuhusu watu waliotenganishwa utotoni wakakutana sokoni. Ilikuwa hivyo, isipokuwa hakuna aliyekumbatiana.

Mama Sanyu ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ndogo sana. "Hiyo suruali yangu."

Ikajulikana yote. Shemeji hakuwa na habari na Loro. Alipopokea gunia la suruali akamuuzia suti Santino, naye kwa dazeni, naye kwa bei ya jumla, akamwambia avae suruali kwanza makoti yako njiani kupitia Nimule. Santino ana gari la kiyoyozi lakini bajeti yake ilikuwa kama ya kwetu. Suti dazeni moja ilikuwa imeuzwa mara mbili na watu wawili waaminifu, wasio na mtandao.

Mzee Wani akatoka ndani. Suti ya kijivu, kamili, lebo mkononi, shingo imefungwa mpaka juu kwenye joto lile. Akakaa. Akatazama kushoto. Akatazama kulia.

"Naona suti nyingi," akasema. "Suti kamili sijaiona hata moja."

Kikao kilikuwa cha lugha nne, nawaandikia kwa moja. Msemaji wetu alikuwa Mwalimu Taban, kiongozi wa kwaya, sauti ya nne, mtu ambaye akisema "habari ya asubuhi" kikombe kinatetemeka.

"Mzee," akasema, "suti ni koti. Lebo iko wapi? Iko kwenye koti. Nionyesheni mtu aliyeshona lebo kwenye goti."

Upande wetu ukaguna kwa kukubali. Msemaji wa wenzetu, kaka yake Santino, jitu kubwa lenye sauti laini, akainuka. Alikuwa na suruali moja ndogo ameikunja, anajipepea nayo; nao dazeni yao ilikuwa na isiyomtosha mtu.

"Mzee, asiye na koti anaingia kanisani, anaingia benki, hata ofisini kwako anaingia. Asiye na suruali anaingia wapi?"

Mzee alitafakari hilo kwa uso wa mtu anayeletewa kesi ya mpaka wa nchi. Na sisi wote, wakuu, watu wazima, tukasubiri uamuzi kama suti ndiyo koti au suti ndiyo suruali, na hakuna aliyecheka. Sauti ya tatu ya kwaya ilianza kutokwa jasho la manjano kutokana na bitana.

Mwishowe Mzee akaleta suluhu, na ilikuwa ya haki. Loro ampe Santino koti moja. Santino ampe Loro suruali moja. Wote wawili wakamilike, wasimame, yeye awasikilize mmoja baada ya mwingine.

Rahisi, siyo?

Loro akasimama na jinzi yake. Mara ya kwanza namwona hajaziba mdomo. "Mzee, kwa heshima. Nikimpa huyu koti, nimemkamilisha. Nitampaje mtu mlango wa kumchukua Keji?"

Santino akasema, "Na mimi nikimpa suruali? Abaki nani mjinga?"

Lilikuwa jambo la kwanza kukubaliana. Kila mmoja alikuwa na kile ambacho mwenzake anakosa, na kila mmoja alikuwa tayari kumkosa Keji yeye mwenyewe kuliko kumvika mwenzake. Tukakaa. Mbuzi akaiva, akafunikwa, akaanza kupoa. Mwalimu Taban akaanzisha wimbo wa kutuliza mioyo, na wawili upande wa suruali, ambao kumbe waliwahi kuimba kwaya Arua, wakaingia sauti ya nne bila kukosea. Kwa dakika kadhaa suti ilikuwa kamili, kwa kusikia tu.

Wakati huo Keji alipita na jagi la maji ya kunawa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumtazama vizuri. Mwembamba, mrefu, macho ya mtu anayehesabu akiba kimoyomoyo. Akafika kwangu, akaniwekea maji, akasema chinichini, "Tanzania, hilo koti mkononi ni la nani?"

Nikamwambia halimtoshi mtu.

"Leta nikalitundike. Unalilowesha jasho."

Nikampa. Akavuka upande wa pili, nikamsikia anamwambia kaka yake Santino amsaidie ile suruali akainyooshe, aibu kujipepea na nguo ya mbunifu mbele ya mzee. Jitu likatii. Keji akaingia ndani na jagi, na koti, na suruali.

Wanaume tukaendelea kubishana.

(Samahani wakuu, umeme ulikatika. Nimerudi.)

Niseme funzo hapa hapa, maana baada ya sehemu inayofuata sitaki kuongeza neno.

Bei ya jumla siyo bei ya chini. Bei ya jumla unalipia na saizi ambazo si zako, na watu ambao hukuwaalika. Ukinunua nguo za wabunifu kwa bajeti ndogo, uliza lebo baadaye. Kwanza uliza kama vipande vyote vimepita njia moja. Kitambaa kitoe nje ya duka ukitazame juani. Muuzaji akikuambia "zoea kwanza," rudisha pesa mfukoni. Na ile saizi ndogo unayoiona ni hasara, usiilalamikie mapema. Huenda imekatwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajatoka jikoni.

Koti langu ninalo mpaka leo. Nimelivaa mara mbili tu. Mara ya kwanza siku hiyo. Mara ya pili harusini, miaka baadaye, na nilikuwa nimevaa jinzi chini, kwa sababu bwana harusi mwenyewe alikuwa amevaa jinzi.

Waliowahi kuishi Juba miaka ile, kama uliwahi kuona suti za kijani zikitembea Malakia, andika hapo chini. Na kama una uzoefu wako wa mizigo ya jumla, mwaga, tusome, tupone pamoja.

Sasa nimalizie.

Pazia la mlango wa jikoni likasogezwa.

Koti lilimkaa mabegani kana kwamba fundi wa huko Italia alimwota. Suruali ilishuka ikagusa kiatu pale inapotakiwa kugusa. Kijani kile, ambacho kwetu kilikuwa mzaha, kwake kilikuwa kama shamba baada ya mvua. Lebo mkononi. Mkono mwingine ulishika begi dogo.

Wimbo ukakatika. Mwalimu Taban alibaki mdomo wazi, katikati ya neno.

Keji akasimama mbele ya mjomba wake, visigino pamoja.

"Mjomba, ulisema atakayesimama mbele yako na suti kamili utamsikiliza mpaka mwisho."

Mzee alimtazama kuanzia kola mpaka upindo. Alitafuta kosa. Tulimwona akilitafuta.

"Nilisema," akajibu.

"Nina nafasi Arua, chuo cha uuguzi, unaijua. Gari la Kaya linatoka alasiri hii, linalala Yei njiani. Naomba ruhusa yako."

Mzee Wani akanyoosha kidole kushoto, kisha kulia, kwenye makoti na kwenye suruali. "Na hawa?"

"Hawa wana mbuzi. Waache wale."

Mtu fulani upande wa suruali akacheka puani, akajizuia. Mzee hakucheka. Aliinuka kwenye kiti chake, akamsogelea, akamnyoosha kola vizuri, na akaushika mkono wenye lebo, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Usiitoe," akasema.

"Sitaitoa, mjomba."

Keji akageuka. "Malesh, Santino, unisamehe. Nimechukua ile ndogo tu." Santino akainamisha kichwa, na namheshimu mpaka leo kwa jinsi alivyokiinamisha.

Kisha akatutazama sisi. Loro alikuwa amesimama, hakuna aliyemwambia asimame, mikono haijui pa kwenda.

"Loro," akasema. "Nikirudi, njoo. Vaa suruali yoyote."

Akatembea mpaka kwenye mlango wa bluu. Akaufungua, mwanga wa barabarani na vumbi vikaingia, kijani kikasimama katikati yake mara moja, kikatoka. Chuma kikagonga chuma, taratibu, na mlango ukafungwa nyuma yake.